Jana taarifa ya habari, leo skafu ya klabu: Lalago wanavyosoma usajili wa watangazaji

LALAGO, Maswa. SHABIKI wa soka anajua dirisha la usajili linafunguliwa lini na linafungwa lini. Anajua nani kamaliza mkataba, nani anang'ang'aniwa na nani katoroshwa usiku kwenda kusaini. Lakini kuna usajili mwingine ambao hauna dirisha, unafanyika mwaka mzima, na TFF hawana fomu yake. Ni usajili wa watangazaji.

Leo unamwona kwenye runinga, suti imenyooka, anasoma taarifa ya habari saa mbili usiku kwa sauti ya upole. Miezi miwili baadaye unamwona kwenye mkutano wa klabu, skafu shingoni, anawaambia watani wa jadi wajiandae na vitambaa vya kufutia machozi. Ni mtu yuleyule na sauti ni ileile. Kilichobadilika ni anayemlipa.

Mada hii ndiyo niliyoikuta ikichemka kwenye kibanda umiza kimoja hapa Lalago, katika barabara inayotoka Kolandoto kwenda Mwanhuzi, Meatu. Huku ni nchi ya pamba. Mpira unaangaliwa kwenye chumba cha mabati chenye mabenchi ya mbao, na jua la Simiyu likishuka mle ndani ni kama jiko la mkaa. Nilitegemea nikute watu wanabishania viungo na mabeki. Nikakuta wanabishania wasemaji, yupi anajua kuongea, yupi anaongea sana, na swali lililonifanya nitoe kalamu: yule alipokuwa anatangaza mechi zetu kwenye runinga, tayari alikuwa wa kwao au bado?

Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza tuangalie wenyewe wamepita njia gani.

MURO, MTU WA NAFASI ZOTE

Ukitaka kuielewa kazi hii ilivyo na mabonde na milima, anza na Jerry Muro. Vijana wa sasa wanamkumbuka kama mtu wa Yanga, wengine kama mkuu wa wilaya. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa runinga, tena aliyetisha. Akiwa ITV alijenga jina kwa habari za uchunguzi, hasa zile za askari wa usalama barabarani na rushwa, zikampa tuzo na heshima. Kisha akahamia TBC1.

Mwishoni mwa Januari 2010 upepo ukageuka. Muro akakamatwa jijini Dar es Salaam kwa tuhuma za kuomba rushwa ya Sh10 milioni, akafikishwa Mahakama ya Kisutu. Mtu aliyekuwa anasoma habari akawa yeye ndiye habari. Kesi ikaenda hadi Novemba 2011, mahakama ikamwachia huru. Lakini fikiria mwenyewe, karibu miaka miwili ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni kuaminika na watazamaji. Mchezaji akikaa nje miaka miwili kwa goti, daktari atakuonyesha picha ya goti. Jina la mtangazaji likipata jeraha utalipiga picha wapi?

Jangwani wakamchukua. Akawa mkuu wa kitengo cha habari na mawasiliano cha Yanga, na hapo ndipo wengi wetu tuliokuwa shule tulipoanza kumjua vizuri. Upande wa pili, Msimbazi, akaingia Haji Manara mwaka 2015. Jamani, ile ilikuwa mechi ndani ya mechi. Neno 'wa kimataifa' lilisemwa mpaka watoto wa chekechea wakalijua. Kuna wiki za derby ambazo kikosi kilikuwa habari ya ukurasa wa pili, ukurasa wa kwanza ulikuwa wa wasemaji.

Julai 2016 TFF ikamfungia Muro mwaka mmoja asijihusishe na soka. Wengine tukasema basi, stori imeisha. Mwaka 2018 Rais John Magufuli akamteua kuwa Mkuu wa Wilaya ya Arumeru, na baadaye akahamishiwa Ikungi, Singida. Runinga, mahakama, klabu, adhabu ya TFF, ofisi ya serikali: yote hayo ndani ya miaka isiyozidi kumi. Hakuna kiraka wa Ligi Kuu aliyewahi kucheza nafasi nyingi hivyo.

Na Manara naye hakukaa. Mwaka 2021 alitoka Simba akavuka kwenda Yanga, na mwaka uliofuata TFF ikamfungia miaka miwili na faini ya Sh20 milioni juu yake. Huyu hakutokea kwenye meza ya kusoma habari, ila namtaja kwa sababu yeye na Muro ndio waliozifundisha klabu zetu kwamba mdomo una thamani kama miguu.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Yanga wakamchukua Antonio Nugaz kutoka Clouds. Januari 2022 Simba wakamtangaza Ahmed Ally, ambaye tulikuwa tunamwona Azam, na leo mwenyewe anajiita Semaji la CAF. Mwaka huohuo Yanga wakamchukua Ali Kamwe, mchambuzi ambaye sura yake tuliizoea kwenye king'amuzi hichohicho. Hasheem Ibwe naye akatoka Azam TV kwenda Azam FC, ingawa huo uhamisho mimi nauita wa kutoka korido hii kwenda korido ile, maana tajiri ni mmoja.

Kwa nini klabu zinavua samaki kwenye bwawa lilelile? Jibu rahisi ni kwamba soka letu lenyewe limehamia runingani. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Ukishauza ligi kwa kamera, unahitaji mtu anayejua kamera inataka nini. Katibu wa zamani aliyezoea kugonga muhuri kwenye barua hawezi kuweka watu roho juu kwa dakika ishirini bila karatasi. Mtu aliyesoma habari miaka mitano anaweza. Anajua kuvuta pumzi, anajua kuangalia lenzi, na anajua sentensi ipi itakatwa ikasambazwa kwenye simu.

Upande wa mtangazaji nao hauna siri. Kwenye vituo vyetu wapo watu wenye majina makubwa na mikataba midogo. Sura yako inajulikana nchi nzima, unaombwa picha stendi, halafu unapanda daladala. Klabu ikija na ofa, unataka akatae kwa sababu gani? Mimi mwenyewe nina stashahada ya uandishi wa habari na nimefanya kazi ya kujitolea miezi mingi kuliko ninayopenda kuhesabu, kwa hiyo siwezi kumrushia mwenzangu jiwe.

WAZEE WA RTD HAWAKUTENGANISHA

Watu wanazungumza kana kwamba mchanganyiko huu wa habari na mpira umeanza na vijana hawa. Si kweli. Tanzania Bara haikuwa na runinga mpaka 1994, Zanzibar wakiwa wametutangulia kwa miaka ishirini hivi. Kabla ya hapo kulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na pale sauti iliyokusomea habari asubuhi ndiyo ungeweza kuikuta uwanjani jioni. Wazee wa hapa Lalago wanawataja akina Ahmed Jongo na Dominic Chilambo kwa raha, kama wanavyotaja mafowadi.

Tido Mhando alitangaza mpira RTD kabla ya kwenda London, ambako alipanda mpaka kuwa mkuu wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Akarudi 2006 kuongoza televisheni ya taifa, ndiyo TBC ikazaliwa mikononi mwake, kisha baadaye akaongoza Azam Media, hao hao wenye ligi yetu. Charles Hilary, Mzee wa Macharanga, alianzia RTD akaenda Radio One, Ujerumani kwa Deutsche Welle, London kwa BBC, akarudi Dar es Salaam na kusoma habari Azam TV, mpaka 2021 alipochukuliwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Alifariki dunia Mei 2025 akiwa msemaji wa serikali hiyo. Juma Nkamia, ambaye aliwatangazia wengi wenu mechi, aliingia bungeni 2010 kupitia Kondoa Kusini, na 2014 akawa naibu waziri kwenye wizara inayosimamia michezo yenyewe.

Kwa hiyo kutoka kwenye maikrofoni kwenda mahali pengine ni jambo la siku nyingi. Wengi wameelekea serikalini. Zuhura Yunus tulimzoea kwenye Dira ya Dunia ya BBC; Januari 2022 akateuliwa kuongoza mawasiliano ya Rais, Ikulu. Salim Kikeke, mwenzake wa meza ileile, aliaga BBC 2023 baada ya miaka ishirini hivi, akarudi nyumbani na kujiunga na Crown Media ya Alikiba. Yeye alibaki ndani ya habari, na kwa hilo nampa pongezi, ingawa ni rahisi kubaki kama jina lako ni Kikeke.

Tofauti ya sasa ni ndogo kwa kuitazama lakini inauma. Mzee wa RTD akienda serikalini, alikuwa anatoka kwa mwajiri wa umma kwenda kwa mwajiri wa umma. Hakuna shabiki aliyejiuliza kama goli la 1985 lilitangazwa kwa upendeleo. Kijana wa leo anatoka kwenye meza ambayo juzi tu ilikuwa inaamua, mbele ya mamilioni, ile ilikuwa penalti au haikuwa, na anaingia moja kwa moja kwenye klabu iliyopewa ile penalti.

Hapo ndipo penye lile swali la kibanda umiza. Mchezaji akihama kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, mabao aliyofunga jana yanabaki. Yako kwenye msimamo, yako kwenye takwimu, hata ukimchukia huwezi kuyafuta. Mtangazaji akihama, maneno yake ya jana yanaanza kuchunguzwa upya. Aha, ndiyo maana siku ile alisema ni offside. Ndiyo maana alimsifia sana kipa wao. Inawezekana hakuwa na lolote moyoni, inawezekana alikuwa msafi kama maji ya chupa. Lakini uhamisho wake unafanya kazi kwa kurudi nyuma, na anaiacha meza yake ikiwa na doa ambalo mwenzake anayebaki ndiye atakayelifuta.

Nitasema jambo ambalo halitawapendeza baadhi ya wenzangu wa fani. Ahmed Ally na Kamwe hawaninyimi usingizi. Wamevaa rangi zao hadharani, ukiwasikiliza unajua unasikiliza nani, unacheka, unakasirika, unaenda kulala. Anayenipa shida ni yule ambaye bado yuko kwenye suti, bado anaitwa mchambuzi huru, na skafu ameivaa ndani ya shati. Tunao. Wasomaji mnawajua na mnawataja kwa majina kwenye mabenchi ya vibanda umiza. Mimi sitawataja kwa sababu sina ushahidi wa kuweka gazetini.

SPIKA YA LALAGO

Sasa mtasema hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Hata mimi nilidhani hivyo.

Hapa Lalago, kama ilivyo vijiji vingi vya Maswa, Itilima na Bariadi, kijana mwenye sauti haanzii kwenye chuo wala studio. Anaanzia kwenye ndondo. Pamba ikishauzwa na pesa kidogo imeingia mifukoni, mashindano yanaanza, zawadi mbuzi au ng'ombe, na pembeni ya uwanja lazima awepo mtu na spika. Anataja majina ya wachezaji, anatangaza goli, anamtafuta mwenye baiskeli iliyozuia njia, anatangaza mnada wa kesho. Mtangazaji mzuri anachanganya Kiswahili na Kisukuma kiasi kwamba hata bibi aliyekuja kuuza karanga anakaa mpaka dakika ya tisini.

Wapo wanaowacheka vijana wa huku kwa matamshi, kwamba badala ya mpira wanasema 'mpila'. Nimesikia hilo hata kwa watu waliosoma. Ni upuuzi. Lafudhi inafundishika kwa miezi michache na mwalimu mkali, RTD walifanya hivyo kwa watu wa kila kabila. Kisichofundishika ni kuona mchezo kabla haujatokea, na kipaji hicho nimekiona huku kimesimama juu ya kiti cha plastiki.

Kikwazo cha kweli ni kingine. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zimefanya stashahada kuwa ndiyo kiingilio cha fani, na sasa kuna Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, mwenyekiti wake ni Tido Mhando yuleyule, inayotoa vitambulisho. Naunga mkono, tusidanganyane, kazi hii ilikuwa imejaa kila mtu. Ila ada ya miaka miwili ya chuo Mwanza au Dar es Salaam, pamoja na chumba na chakula, ni pamba ya misimu mingapi kwa mkulima mdogo wa Lalago? Mlango ambao wengi wa zamani waliupita kwa sauti tu, sasa unahitaji mifugo ya kuuza.

Nilimkuta kijana mmoja hapa, wa miaka ishirini na kitu, ambaye jina lake naliacha kwa makusudi. Ndiye mwenye spika. Anatangaza vizuri kuliko baadhi ya watu ninaowasikia kwenye vituo vikubwa. Sifa zake zikafika kwenye kituo kimoja cha redio cha kanda hii, wakawa wanampigia Jumapili jioni atoe matokeo ya mechi za vijijini kwa dakika mbili hewani. Malipo hakuna, siku nyingine vocha. Kwake haikuwa shida. Alikuwa anasikika, na mama yake alikuwa anakaa karibu na redio kila Jumapili.

Kisha timu moja ya hapa ikamfuata. Wakamwomba awe msemaji wao. Wakampa jezi, nauli ya kusafiri na timu, na kitu kidogo baada ya kila ushindi. Akakubali, na redio akaendelea nayo. Hakuona ubaya, na ukiwaangalia wale wa runingani, angeuonea wapi?

Msimu uliopita, nusu fainali, timu yake ikapata penalti dakika za mwisho. Ikafunga, ikapita. Jumapili jioni akaenda hewani na kusema ilikuwa penalti halali, beki alishika.

Wale waliotolewa wakasikia. Kesho yake asubuhi habari ilikuwa imeshafika kila kilabu cha pombe na kila duka la pembejeo. Hawakugombana na mwamuzi, huyo alikuwa ameshaondoka zake. Waligombana na redio. Wakasema mtu amevaa jezi yao, anakula hela yao, halafu anatusomea matokeo kama hakimu. Tangu siku hiyo vijana wa upande ule wameapa hatashika spika kwenye uwanja wao, na mechi zao wanataka zisomwe na mtu mwingine au zisisomwe kabisa.

Nilimuuliza kama beki alishika kweli. Akaapa alishika. Nikawauliza wa upande wa pili, nao wakaapa mpira uligonga bega. Nimezunguka uwanja ule, nikaona ile goli ya miti na lile eneo la penalti lililochorwa kwa majivu. Hakuna kamera iliyokuwepo. Hakuna marudio. Ligi Kuu mtangazaji akidanganya, mkanda upo, utarudiwa mara mia, na mabishano yatabaki kuwa mabishano. Lalago mkanda ni mdomo wa yule kijana. Alichokisema hewani ndicho kitakachobaki kuwa kilitokea, na ndiyo maana watu hawa walikasirika kwa kiasi ambacho sijawahi kukiona Kwa Mkapa.

Nilimwambia nionavyo mimi: achague. Abaki na timu, avae jezi, atambe anavyotaka, na redio aiachie mwingine. Au arudishe jezi, abaki na dakika zake mbili za Jumapili. Akaniuliza kama redio itaanza kumlipa akirudisha jezi. Sikuwa na jibu, kwa sababu najua hesabu za redio, na najua nauli ya kwenda Mwanhuzi inalipwa na timu.

Mashindano yanaanza tena pamba ikishauzwa. Waandaaji wamekaa vikao viwili na bado hawajaelewana. Timu ile iliyotolewa inataka mtangazaji atoke Malampaka, mtu ambaye hana ndugu wala rafiki kwenye kikosi chochote cha hapa, na wamesema ndipo watakapoleta timu uwanjani. Waandaaji hawana neno na hilo, ila mpaka naondoka juzi asubuhi, aliyekuwa tayari kumlipia nauli alikuwa hajapatikana.